Kinyozi na Matete ya Bwawani

Alichoambiwa Kinyozi kilikuwa wazi: afyeke nyasi zilizolalia njia, basi. Lakini utamwambia nani! Mtu aliyenyoa vichwa vya mtaa mzima tangu ujana wake hadi mgongo ulipomkatalia kusimama, utamwekaje mbele ya matete yaliyochomoza huku na kubonyea kule, umpe na mkasi wa bustani mkononi, halafu utegemee atazame tu?

Hifadhi yenyewe ilikuwa ndogo, imebanwa kati ya maghorofa na ukuta wa kiwanda cha magodoro: miti kiasi, bwawa moja, na matete yanayoota yanavyotaka. Waliitunza watu wa kujitolea kila Jumamosi asubuhi, wakiokota chupa na kung'oa magugu chini ya uongozi wa Mkunga, mama mstaafu aliyezalisha nusu ya mtaa, ambaye mpaka leo akisema "sukuma", watu wazima wanasukuma. Kinyozi alijiunga kwa sababu nyumbani kwa mwanawe alikuwa amebaki mtu wa kochi. Mkwewe akifagia sebule humwambia, "Baba, inua miguu." Siku moja alijikuta ameiinua kabla hajaambiwa, akajionea huruma vibaya sana. Hifadhini angalau alikuwa na pa kwenda na watu wa kumtania.

Basi Jumamosi hiyo, njia imeshafyekwa na wenzake wako ng'ambo ya bwawa, akayatazama yale matete, mkono ukamwasha. Akayachonga. Akayapunguza vichwa yakawa sawasawa, mstari ukanyooka kama uliopigwa rula. Katikati mlikuwa na viota vya minana, wale ndege wadogo wa manjano wanaosuka majani, na makinda walikuwa wakilia ndani. Aliviona. Akavizunguka taratibu kwa ncha ya mkasi, kama alivyokuwa akizunguka sikio la mteja, asiguse hata kimoja. Kisha akarudi nyuma kidogo, akainamisha kichwa upande, akaridhika.

"Mungu wangu," Mkunga akasema nyuma yake. "Umefanya nini?"

"Nimesafisha. Viota sijavigusa, angalia mwenyewe."

"Naviangalia! Na wale pia wanaviangalia." Akaonyesha juu ya ukuta wa kiwanda. Kunguru walikuwa wamejipanga pale, wametulia tuli, hawana haraka ya kitu. "Yale majani ndiyo yaliyokuwa yanawaficha, mzee wangu. Umewavua nguo hadharani."

Dereva wa teksi, mwenzao, alianza kucheka, akauona uso wa Mkunga, kicheko akakigeuza kikohozi. Mkunga akasema Jumamosi ijayo kikundi kitakaa kuamua kama Kinyozi aendelee nao au apumzike, maana si mara ya kwanza. Kuna kichaka cha vipepeo alichokichonga duara kikakaa mwaka bila ua. Kinyozi alirudi nyumbani moyo umemvunjika, na kochi lilikuwa palepale.

Jumapili alfajiri akabeba kigoda na mwavuli, akaenda kukaa kando ya bwawa. Kunguru akishuka, Kinyozi anaufungua mwavuli, pwaa! Kunguru anarudi ukutani. "Wewe mwenye kola nyeupe, usijifanye bwana harusi, nimekuona!" Jumatatu hivyohivyo. Anaondoka kunguru wakishakwenda kulala, sauti imemkauka, mgongo unamwambia yote yasiyosemeka.

Katikati ya wiki mkwewe akamfuata na chupa ya chai.

"Baba, majirani wanauliza kama tumekufukuza nyumbani."

"Waambie niko kazini."

"Kazi gani, ya kufungua mwavuli?"

"Kaa uone."

Akakaa shingo upande. Kinyozi alipoinamia kikombe, kunguru akajitupa kutoka kwenye miti ya nyuma, na yule mkwe, mwanamke mpole asiyepandisha sauti hata kwa watoto, akavua ndala akamrushia huku akipiga ukelele uliowatoa watu madirishani. Ndala ikaishia bwawani. Wakatazamana, wakacheka mpaka machozi yakawatoka. Tangu hapo akawa anakuja mchana kumpokea ili anyooshe mgongo.

Lakini Ijumaa kunguru wawili walikuja pamoja. Mmoja alimzuga mbele, mwenzake akachomoa kinda kwenye kiota cha pembeni. Kinyozi alilia waziwazi, hakujali anayepita.

Jumamosi kikundi kikakusanyika pale bwawani. Kinyozi alikuwa ameosha buti za kikundi na kufua glavu. Akaziweka mbele ya Mkunga, tayari kuzirudisha, kabla hajaulizwa.

Mkunga akasafisha koo. "Tumezungumza," akaanza, kwa ile sauti ya kutolea habari mbaya wodini, "na tumeona kwamba—"

"Nyamaza!"

Watu wakaduwaa. Tangu lini mtu akamwambia Mkunga anyamaze?

"Chuchumaeni wote," Kinyozi akanong'ona. "Mnamtisha."

Na jamani, wakachuchumaa, Mkunga na magoti yake mabovu, Dereva na suruali yake ya pasi, topeni. Kwenye mlango wa kiota cha katikati kinda alikuwa ametoa kichwa. Akatoa kifua. Akaning'inia pale akiwa hajui afanye nini, kisha akaachia, akaporomoka karibu aguse maji, akapiga mabawa ovyoovyo mpaka akalidaka tete la upande wa pili. Likainama, lakini hakuliachia. Kinyozi peke yake hakuwa anamtazama. Alikuwa ameshika mwavuli, macho yameelekea ukutani.

Mkunga akayafuata macho yake mpaka kwa wale kunguru.

"Bado wako wengine ndani?"

"Wapo."

"Kesho zamu ya nani?"

"Yangu."

"Na mchana?"

"Mkwe wangu."

"Basi jioni nitakuja mimi," akasema Mkunga.

"Njoo na mwavuli wako," akasema Kinyozi.