Mkasi na Kitovu Kinachodunda

Darasa zima la ukunga lilimwita Mkasi, na jina hilo hakulipata kwa sababu ya ulimi, ingawa ulimi nao ulikuwa na makali yake. Lilitokana na mikono. Tangu siku ya kwanza ya mazoezi, mwanasesere wa plastiki akichomoka tu kwenye nyonga ya plastiki, Mkasi alikuwa ameshabana kamba ya kitovu huku na huku na kukata katikati, wenzake wakiwa bado wanavutana na glavu. Walimu wa zamani walipenda mkono mwepesi, na yeye alipenda kupendwa, kwa hiyo hakuna aliyedai kuonewa.

Halafu akaja mkufunzi mpya. Mwanamke mfupi, mpole, miwani yake imening'inia shingoni kwa uzi, na swali moja alilolitia kwenye kila kitu kama chumvi: "Ushahidi uko wapi?" Ukimwambia mama mwenye uchungu lazima alale chali, ushahidi uko wapi. Ukimwambia asipewe hata maji ya kunywa, ushahidi uko wapi. Kuna mwanafunzi alijisemea tu kwamba leo mvua itanyesha, naye akaulizwa hivyohivyo. Kufika Ijumaa alikuwa ameshaitwa Bibi Ushahidi. Kufika Jumatatu alikuwa ameshalijua jina na analiitikia.

Bibi Ushahidi ndiye aliyesema kitovu hakina haraka. Mtoto akitoka anakaushwa, akipumua vizuri anawekwa kifuani kwa mama yake, na kamba inaachwa mpaka iache kudunda. Mkasi aliposikia hayo aliona ametukanwa yeye na ukoo mzima. Akanyosha mkono, akauliza kwa adabu yenye pilipili ndani: watoto wote waliokatwa fasta miaka yote hiyo, akiwemo yeye aliyesimama hapo, mbona wamekua? Na Bibi mwenyewe, ushahidi wake uko wapi?

Mkufunzi akavaa miwani ili amwone vizuri, kisha akatabasamu hadi gego la mwisho.

"Tangu nifike hapa nasubiri mtu aniulize na mimi," akasema.

Kesho yake aliingia na mizani ya jikoni, mfuko wa maji mekundu, mpira wa dripu, na mwanasesere aliyetobolewa tumbo akatiwa puto ndani. Akaunganisha mpira kutoka mfukoni hadi kwenye puto, akamlaza mwanasesere juu ya mizani, akaanza kuubinya mfuko kwa mapigo, kama moyo. Akamwambia Mkasi afanye mambo yake. Mkasi akabana mara moja, na mshale wa mizani ukabaki kutetemeka pale chini. Wakarudia, safari hii bila mtu kugusa kitu. Mshale ukapanda. Ukapanda tena. Wanafunzi wakaacha viti, wakaizunguka meza kama watu waliosikia kuna ugomvi, na mmoja nyuma akasema jamani, anakunywa huyu.

Lakini Bibi Ushahidi alipomaliza kufuta meza aliwaambia wasije wakamnukuu vibaya: hayo yalikuwa maigizo, na mwanasesere hajawahi kuthibitisha chochote. Ushahidi ni huu, akasema, akaweka mezani rundo la karatasi. Ndani yake kulikuwa na tafiti za kina mama waliogawanywa kwa kura, hawa wakatiwe mapema, wale wasubiriwe, ili asitokee mjanja wa kupeleka wenye afya upande anaoupenda. Kisha watoto wao wakafuatiliwa. Waliosubiriwa walikuwa na akiba nzuri zaidi ya damu miezi ya baadaye.

Mkasi alizibeba karatasi zile bwenini, akazisoma Jumamosi nzima akiwa na kamusi pajani. Aliingia kuzisoma akitafuta kosa. Alitoka akiwa mhubiri. Alimweleza mpishi wa chuo habari za kupiga kura, akamweleza mlinzi wa getini habari za kondo la nyuma, na mlinzi, aliyekuwa anakula, akamwomba kwa heshima zote waahirishe mazungumzo.

Tatizo likawa moja: kichwa kilikuwa kimeokoka, mikono haikupewa taarifa.

Kwenye mtihani wa kwanza wa vitendo, mwanasesere alitoka, Mkasi akampongeza mama wa plastiki, na kabla neno hongera halijafika mwisho kitovu kilikuwa vipande viwili. Akafeli. Kwenye mtihani wa pili aliapa kujizuia, na kweli akajizuia, mpaka Bibi Ushahidi alipomtega kwa kumwuliza kwa nini hatukati mapema. Mkasi akajibu. Akajibu vizuri mno, na tafiti akazitaja, na kura akaieleza. Alipomaliza alikuta darasa linamtazama kwa huruma. Alikuwa ameeleza sababu zote za kutokata, na huku anakata.

Ilibaki nafasi ya tatu, na ya tatu haikuwa ya mwanasesere. Ilikuwa wodini, kwa mama halisi na mtoto halisi, mkufunzi akiwa pembeni. Akifaulu, anatoka na wenzake, anakuwa mkunga. Akifeli, anarudia muhula na darasa la chini yake. Na darasa la chini lilikuwa na mdogo wake wa damu, binti mwenye mdomo kama redio isiyo na kizimio, ambaye alikuwa ameshamwahidi kumwekea kiti karibu naye na kumbebea begi siku ya kuripoti.

"Nitakuita mwanafunzi mwenzangu," alimwambia. "Udada tutaurudisha ukifaulu."

Siku yenyewe ilipofika, mdogo mtu alimsindikiza hadi kwenye benchi la nje ya wodi ya wazazi, akapokea begi, akaketi nalo mapajani. Alisema anafanya mazoezi.

Chumba cha kujifungulia kilikuwa kimepigwa deki upya na kunukia dawa. Mzazi alikuwa dada mwembamba, ujauzito wake wa kwanza, na aliyekuwa anamsugua mgongo ni mama mkwe wake. Zamani ndugu waliishia mlangoni, lakini Bibi Ushahidi alikuwa ameuliza wodi nzima ushahidi wa kuwafungia nje, na hakuna aliyeuona. Mama mkwe alikuwa fundi cherehani. Alikuja moja kwa moja kutoka kibandani, futi ya kupimia ikiwa bado shingoni, na alikuwa ameshatoa maoni yake kuhusu pindo la mapazia.

Kazi ikaenda vizuri. Mzazi alichagua kulala ubavu, Mkasi akamwacha alale ubavu. Akamwambia asukume anaposikia mwili wake unataka, siyo anapofokewa. Mama mkwe alihesabu pumzi, akaomba, akamsema mwanawe aliyeko kazini kana kwamba ndiye aliyefunga mlango wa kutokea. Na katikati ya maneno yake mtoto akatelezea mikononi mwa Mkasi, wa kike, mzito, wa zambarau, na kimya.

Kimya hicho ndicho alichokuwa anakiogopa. Mkono wa kulia ulishajua la kufanya: kata, kimbia naye mezani. Ndivyo mikono ilivyofundishwa zamani. Lakini kichwa kilikuwa kinasoma karatasi zake kwa sauti: kausha kwanza, sugua mgongo, mwangalie, akikataa kupumua ndipo ukate umpeleke kwenye puto la kumpulizia hewa. Akamkausha kwa taulo, kwa nguvu, kama mtu anayesugua sufuria iliyoungua. Akamsugua uti wa mgongo juu na chini. Mtoto akakunja uso, akapiga chafya, kisha akalia kwa hasira ya mtu aliyeamshwa bila kuulizwa.

Mkasi akamweka kifuani kwa mama yake, akamfunika. Bibi Ushahidi akasogea, akapapasa tumbo kuhakikisha hakuna pacha aliyejificha, akamchoma mzazi sindano ya kukaza mji wa mimba, akarudi pembeni na kukunja mikono. Sasa mtihani ulikuwa umebaki kusubiri tu.

Na kusubiri ndiyo kazi pekee ambayo Mkasi hakuwahi kuiweza maishani. Akauona mkono wake wa kulia unaelekea kwenye trei. Uliondoka polepole, kama paka anayemsogelea samaki huku akijifanya ana shughuli nyingine. Akaurudisha. Ukaondoka tena.

"Binti," mama mkwe akasema, "mbona hukati uzi?"

"Bado, mama."

"Bado nini? Nguo imeshaisha hii. Kata."

Mzazi naye akainua kichwa, akauliza kama kuna ubaya. Mkasi alifungua mdomo ajibu, kisha akakumbuka yaliyompata mara ya mwisho alipojibu. Akafunga mdomo. Vidole vilikuwa vimeshagusa chuma cha mkasi, baridi, kimezoeleka. Kule nje mdogo wake alikuwa anakohoa, na Mkasi aliweza kuapa kwamba kikohozi kile kilikuwa na kejeli.

Hapo ndipo akili ilipomjia. Mkono huu haujawahi kukaa bure, na kuuambia utulie ni kumpigia mbuzi gitaa. Upe kazi. Akauchukua mkono wake kama anavyochukuliwa mtoto mtundu sokoni, akavileta vidole viwili juu ya kamba ya kitovu, akavilaza pale.

Kamba ilikuwa inadunda.

Alikuwa ameisoma, ameieleza, ameihubiri getini, lakini hakuwahi kuigusa, maana siku zote aliikata kabla. Ilikuwa nene, ya samawati, imejisokota, na ndani yake kulikuwa na du, du, du, ya haraka kama mtu anayekimbia ngazi. Moyo wa mtoto ule, chini ya vidole vyake. Mkasi akacheka peke yake. Akasahau trei, akasahau muhula, akasahau hata kikohozi.

"Mama, njoo uone," akamwambia fundi. "Usiguse, tazama tu. Bado anapokea damu yake. Ikiisha, kamba itanyauka yenyewe."

Mama mkwe akainama, futi ikining'inia. Akatazama kimya kwa muda, jambo ambalo baadaye mzazi alisema hajawahi kuliona tangu aolewe.

"Kumbe bobini bado ina uzi," akasema taratibu. "Na mimi nataka kutoa nguo kwenye cherehani. Ningemchapa mwanafunzi wangu kama angefanya hivyo."

Wakabaki wote wameikodolea macho ile kamba. Mtoto alikuwa amegeuka rangi, zambarau imeyeyuka, mashavu yanaiva. Du ikawa nzito. Ikawa ya kuachiana nafasi. Kamba ikaanza kulegea, samawati ikawa nyeupe, ikalala juu ya taulo kama kamba ya kiatu. Mkasi aliendelea kushika, labda kuna moja imebaki. Hakuna. Akaendelea kushika.

Bibi Ushahidi akakohoa.

"Imeacha?"

"Imeacha, Bibi."

"Ushahidi uko wapi?"

"Hapa, chini ya vidole."

"Basi kata, mwanangu. Usije ukafeli kwa kuchelewa, halafu nikose hata pa kuliandika kosa hilo kwenye fomu."

Mkasi akabana huku, akabana huku, akakata katikati. Hakukata kwa haraka, na mama mkwe akasema mkato umenyooka, sifa ambayo fundi huyo hakuwahi kumpa mtu asiyelipia. Bibi Ushahidi akavaa miwani, akamtazama mtoto, akamtazama Mkasi, akatikisa kichwa juu na chini, na hilo lilitosha.

Kondo lilipotoka zima, na mzazi alipokuwa ananyonyesha, Mkasi alinawa, akatoka nje akitembea kwa adabu mpaka mlangoni, kisha akakimbia. Mdogo wake alinyanyuka kwenye benchi, akamsoma usoni, akalinyosha begi amrudishie mwenyewe.

"Aa, usihangaike," Mkasi akamwambia, akampita mikono mitupu. "Si ulishafanya mazoezi? Libebe. Na ukiniita, anza na dada."