Hodi Iliyochelewa Siku Tisa

Hodi ilifika Jumamosi saa nne asubuhi, siku tisa baada ya polisi. Fundi cherehani alikuwa anapinda sketi ya sare, mtoto mgongoni, mguu kwenye pedali. Mlango ulikuwa mpya, wa chuma, maana ule wa mbao polisi waliuvunja. Hata hivyo zile ngo, ngo, ngo zilikuwa za mbao.

"Fungua, mwanangu," alisema mama mkwe, akichambua maharage. "Wageni hawasimamishwi juani."

Fundi akafungua. Hapakuwa na mtu. Palikuwa na hodi tu, imesimama kwa adabu hatua moja nje ya kizingiti, na sauti isiyo ya yeyote ikasema, "Polisi. Tunaomba kuongea na mwenye nyumba."

"Hee! Hata fundi bomba hachelewi hivi," mama mkwe akasema.

Ndipo kitanda cha chumbani kikalia. Wakamsikia mwenye nyumba, mume wa fundi, mlinzi wa ghala aliyezoea kulala mchana, akikohoa kile kikohozi chake na kupapasa ndala. Wakasikia bastola yake ya leseni ikiwekwa juu ya kabati, taratibu, kama mtu anayeweka yai. Ndala zikaburuzika hadi sebuleni.

"Karibuni," akasema, usingizi bado umo kooni. "Mnamtafuta nani?"

Mtoto akacheka. Sauti zikaishia hapo, na fundi akarudi kwenye pindo.

Siku ile yenyewe polisi walipokuja, hakuna aliyebisha. Fundi alikuwa uani anaanika nepi, angesikia. Askari walikuwa wanamtafuta mwizi wa mtaa wa pili. Mlango ulianguka, mlinzi akakurupuka usingizini na bastola mkononi, akapigwa risasi tatu, akafa kabla hajasimama sawasawa. Ripoti ikasema askari walibisha hodi mara tatu na kujitambulisha. Fundi aliandika barua ya kurasa mbili akiomba sentensi hiyo moja tu ifutwe. Hakutaka mtoto aje kusoma kwamba baba yake alibishiwa hodi akajibu kwa bastola.

Mpelelezi alikuja Jumatatu kwa ajili ya barua hiyo, saa nne kasorobo. Akapewa kigoda na chai. Saa nne hodi ikabisha, kama Jumamosi na Jumapili, naye akasikiliza yote mpaka mwisho. Ndala zilipokuja upande wake alivua kofia, akajibanza ukutani kuzipisha.

"Umesikia, afande?" fundi akauliza.

"Nimesikia, dada." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Hodi ipo."

"Na yeye je? Bastola kaiweka kabatini. Umesikia."

"Nimesikia. Ila fomu inauliza kama walibisha. Haiulizi alijibu nini."

"Na hizo siku tisa?"

"Nafasi ya tarehe ilishajazwa."

Alifunga faili kwa mikono miwili, polepole, akaaga hadi watu wasioonekana.

Ripoti ilirudi na muhuri mpya: hodi imethibitishwa, shahidi ameisikia kwa masikio yake. Fundi aliisoma mara mbili. Mama mkwe akaomba asomewe kwa sauti, akasikiliza hadi nukta ya mwisho.

"Haya," akasema. "Lete karatasi tuandike barua nyingine."

Wameandika nne sasa. Ile sentensi bado ipo, imepigwa chapa vizuri, haina kosa hata la herufi.

Saa nne ikifika, fundi husimamisha cherehani na kwenda kufungua kabla ngo ya pili haijalia. Majirani walioleta sketi za kupindwa huziweka mapajani wakangoja. Mtoto, yeye, hangoji mlango. Kitanda kikilia tu hujigeuza mgongoni kwa mama yake na kunyoosha mikono juu, sawa na ilipo shingo ya mtu mrefu, vidole vikikunjika na kukunjuka, na hukaa hivyo hivyo hadi ile sauti yenye usingizi iseme karibuni.