Karabini, Farasi na Mbebaji

Fundi kufuli alikuwa akisugua kutu kwenye karabini ya makumbusho kwa mswaki na mafuta ya taa, farasi alipoingiza kichwa dirishani. Karabini hiyo ilikuwa bunduki fupi ya fataki, ya askari wapanda farasi wa zamani, na mkurugenzi wa makumbusho alitaka alama zake zisomeke kabla ya maonyesho.

"Mgeni gani huyo wa viatu vya chuma?" mama mkwe wake akauliza kutoka ndani. "Asiingie, nimepiga deki sasa hivi."

Fundi akamsogezea farasi ndoo ya maji. Farasi akainusa kwa heshima asinywe. Wafu hawana kiu. Pajani alikuwa na chapa ya moto: 212. Fundi akageuza bunduki. Kwenye bamba la shaba la kitako, chini ya kutu, namba ilikuwa hiyohiyo.

Punde kijana mwembamba akapiga hodi, kajitwisha tandiko, anahema. Akaomba radhi: farasi wake alikuwa na tabia ya kutangulia tangu walipouawa. Shati lake lilikuwa na matundu mawili ya risasi, na mama mkwe, ambaye hawezi kuona tundu akalinyamazia, akamwamuru alivue alishone. Begani pakatokeza 212.

"Na wewe tena?" fundi akauliza.

"Tulipigwa chapa siku moja, dada. Bunduki kwa nyundo, sisi kwa moto. Ikiitwa namba, mimi na farasi tunageuka wote. Bunduki tu ndiyo iliyokuwa na adabu ya kutulia."

"Jina lako nani, baba?" mama mkwe akauliza, uzi mdomoni.

Alikuwa nalo, kijana akasema, ila jeshini halikutumika hata mara moja, likamponyoka. Mama mkwe akamjaribisha majina kama mashati. La mjomba wake likampwaya. La marehemu mwanawe likambana kwapani, na fundi, aliposikia jina la mumewe likiitwa tena humo ndani, akauinamia mswaki. Farasi alilijua lile la kweli, lakini alikuwa farasi.

Alasiri akaja mkurugenzi.

"Alama ya taji hii hapa! Na jina la kiwanda, na herufi za mkaguzi! Mikono yako isiumwe, fundi." Akayaandika yote kwenye kibao cha maelezo.

"Bado mbebaji," fundi akasema. "Kakaa nyuma yako."

Mkurugenzi akageuka. Alikuwa mtu mwenye malezi. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba," akajibu kijana.

"Jina?"

"Limepotea."

"Pole sana. Na namba ni ya bunduki. Nikikuandika kwa namba hiyo, watu watachanganyikiwa."

"Andika hata 'mtu'," fundi akasema.

"Mtu yupi? Wataniuliza. Halafu kibao chenyewe kidogo."

Akashika mtutu. Fundi akang'ang'ania kitako. Wakavutana hivyo, mama mkwe akihimiza, mpaka kijana akamgusa fundi mkono.

"Mwachie, dada. Sisi tumezoea."

Fundi akaachia.

Kwa kuwa hawajawahi kutengana, kijana na farasi wakaifuata bunduki. Sasa husimama ukumbi wa pili, kando ya kabati la kioo. Wageni husoma taji, kiwanda na mkaguzi, wakatikisa vichwa kwa kuridhika. Kisha humgeukia kijana, wakamwuliza choo kiko wapi, naye huwaelekeza kwa upole: mlango wa kushoto, wawe waangalifu, sakafu inateleza.