Alama Inayohama

Fundi wa vifaa alikuwa amekwisha kufungua skrubu tatu nyuma ya mashine ya kitanda cha pili pale alama ilipohama kutoka begani mwake ikatua ubavuni. Ilikuwa saa sita kamili. Aliweka bisibisi chini, akapandisha shati, akahakikisha.

"Sista, imehama."

"Haya, nimesikia. Wenzako wanavaa saa mkononi, wewe unavaa mbavuni."

Sista alinawa mikono, akapita kitanda kwa kitanda, akibandua kidude cha joto kwenye ngozi ya kila kichanga mwenye mashine na kukibandika mahali pengine.

Kidude chenyewe ni kidogo kama kifungo cha koti. Hupasha ngozi joto ili mashine isome hewa iliyomo kwenye damu, na kisipohamishwa kila baada ya saa tatu, huunguza. Ndiyo maana kila mashine ina kikatajoto: muda ukipita au joto likizidi, hupiga kelele na kuzima. Vikatajoto vya wodi hii vilichakaa, vikawa vinazima ovyo. Mkuu wa hospitali akasema vifungwe waya kwa muda, visiweze kuzima mashine. Fundi alivifunga vyote vitano kwa mkono wake, na alivifunga vizuri. Muda huo sasa una miezi kumi na mmoja.

Mwezi wa tisa tangu vifungwe, Sista akiwa peke yake na watoto kumi na tisa, kidude kilisahaulika kutwa nzima kifuani mwa mtoto wa kitanda cha pili. Mashine haikulia. Kidonda kikaoza, na siku ya sita mtoto akafa. Siku ya saba fundi aliamka na duara jekundu kifuani. Saa tatu asubuhi likahamia tumboni. Tangu hapo halijachelewa hata mara moja.

Mama wa yule mtoto huja kila Alhamisi, akitoka kwenye cherehani yake, nyuzi zikiwa bado zimemganda kwenye mikono ya gauni.

"Leo iko wapi, kaka?"

"Ubavuni, dada."

Aliinama akapuliza taratibu, kama apulizwavyo mtoto aliyeungua. "Pole, baba. Pole, eeh."

Fundi alitazama ukuta. Alijua pole ile si yake.

Mama alipoondoka, Fundi alichukua koleo akate waya. Mkuu akaingia.

"Unafanya nini hapo?"

"Nautoa huu waya, Mzee. Siwezi tena."

"Ukiutoa, mashine itazima. Na huyu aliyelala hapa tumwangalie kwa macho?"

"Na kile kipuri cha kikatajoto kipya je?"

"Kimeagizwa. Haraka haraka haina baraka." Mkuu aliinama, akaitazama alama kwa makini, akaridhika. "Tangu ianze kuhama ameungua nani? Hakuna. Basi kikatajoto tunacho. Sista, futa likizo ya Fundi."

Sista alichukua kalamu akafuta.

Fundi alirudisha skrubu mbili. Ya tatu aliitia mfukoni, ili kesho asianze upya. Kisha akavuta kiti katikati ya vitanda, akaketi, shati likiwa wazi. Kitanda cha pili kilikuwa na mtoto mwingine, mdogo kuliko yule, amelala ngumi zimekunjwa.

Saa tisa kasoro dakika moja, Sista alikuwa amekwisha kunawa mikono, amesimama mbele yake, anasubiri.