Dawa ya Rejeta Chooni kwa Normand

Baba alipofariki, nyumba kubwa ya mlimani ilikwenda kwa mdogo wangu Normand, nami nikaachiwa kijumba cha chini, karibu na ziwa, pamoja na kisima chake. Mtoto wa kiume juu, binti chini. Lakini aliyekuwa akilala chali chini ya masinki na baba kila vuli, akijifunza kukausha mabomba kabla barafu haijayapasua, nilikuwa mimi, Odile. Normand alikuwa uwanjani akicheza magongo.

Miaka sita nilimfanyia kazi hiyo, kila mwaka kabla hajakimbilia Florida na mkewe kukwepa baridi. Mwaka huu akaniambia, "Pumzika, dada. Nimeangalia video. Kumbe ni kufungua koki tu."

Jumamosi asubuhi nikapanda kwenda kumchungulia. Nilipofungua mlango nikapokewa na harufu ya waya unaoungua. Alikuwa ametoa maji yote kwenye hita bila kuzima umeme! Nilikimbia kwenye swichi kuu nikaizima, kisha nikafuata mluzi wake hadi bafuni.

Maji ya chooni yalikuwa kijani kibichi. Pembeni yalisimama madumu matatu, moja tupu.

"Umemimina nini humu?"

"Dawa ya kuzuia kuganda. Ilikuwa imejikalia tu gereji."

"Hii ni dawa ya rejeta, Normand! Ya gari! Hii ni sumu!"

Akacheka. "Sumu kwa nani? Kuna mtu anakunywa maji ya chooni?"

"Mimi!" Sauti yangu iligonga vigae. "Choo chako kinaingia kwenye tangi la maji taka, tangi linamwaga kwenye ule uwanja wa nyasi, na mteremkoni chini ya uwanja kuna kisima changu. Sasa niambie anayekunywa ni nani!"

"Dada, usikuze mambo. Ngoja niyaondoe." Akanyoosha mkono kuvuta maji.

Nilimdaka kifundo cha mkono. Mimi nina miaka sitini na tatu, lakini siku ile aliuma meno kwa maumivu. "Ukivuta hicho kitu, utanijua mimi ni nani."

Nikamuuliza dawa ya lile dumu tupu imekwenda wapi. Akatazama sakafu. Choo cha ghorofani, akasema. Alimimina lote, akavuta.

"Lile tangi lina vijidudu vinavyokula uchafu wenu. Umevimwagia sumu. Na hiyo sumu haikai pale, inateremka kwangu!"

"Baba hakuwahi kuniambia habari za vijidudu."

"Angekuambia saa ngapi? Hukuwahi hata kumshikia tochi! Nyumba ukaipokea, kazi yake hukuitaka!"

Nilimtupia glavu, kikombe na ndoo. "Piga magoti. Chota."

Alichota hadi tone la mwisho akalifyonza kwa sifongo, huku mimi nikifungua kona za mabomba zinazotuamisha maji chini ya masinki, ambamo namo alikuwa amemimina. Yote tuliyafunga kwenye madumu ya kupelekwa kituo cha taka za sumu. Kisha nikapiga simu kuita gari la kunyonya tangi. Wakasema Jumatatu.

"Jumatatu? Sisi tunaondoka kesho!"

"Mkeo atangulie. Wewe utasimama hapa na mfuniko wa tangi mkononi."

Na alisimama. Gari lilipomaliza kunyonya, nilimrudisha ndani aanze upya, nami nikakaa kitini nimefunga mikono. Alifungua koki zote, akasukuma maji yaliyobaki kwa kompresa, kidogo kidogo, bila kuzidisha nguvu ya upepo. Akakausha choo. Kila kona ya bomba ikapata kikombe cha dawa ya rangi ya waridi, ile ya mabomba ya nyumbani, isiyodhuru tangi. Kila aliponiuliza kama yatosha, nilisema, "Soma dumu. Si unajua kusoma?"

Sumu iliyokwisha kupita tangini kabla ya gari kufika, hakuna aliyejua ni kiasi gani. Majira yote ya baridi nilibeba maji ya kunywa kutoka mjini, nikiteleza na madumu kwenye barafu, nikimtukana kila hatua. Mara mbili nilipeleka sampuli ya kisima maabara. Majibu ya kwanza yalikuwa safi lakini sikuyaamini, kwa kuwa sumu huteremka polepole; ya pili yalirudi mwezi wa tatu, safi pia.

Nilimpigia kumwarifu. Nyuma yake nilisikia watu wakicheka bwawani.

"Unaona, dada? Ulijisumbua bure."

"Normand, nimebeba maji miezi mitano."

"Si nilikuambia pole?"

"Hukuniambia."

Niliisubiri ile pole, nikahesabu pumzi zake nne, tano, kisha nikakata simu. Nilikwenda jikoni, nikafungua bomba langu, nikajaza glasi nikainywa nimesimama, halafu nyingine, na hasira yangu ikiwa palepale.