Magodoro ya Citoyen Lifoka

Jumamosi mchana, watu wakirudi kutoka salongo, usafi wa lazima wa mtaa, na mafagio mabegani, Feruzi fundi cherehani alikuwa juu ya paa la nyumba yake, karibu na mto Tshopo, akikaza nati za parabole. Sahani hiyo ilitoka Kinshasa kwa meli, pana kuliko mlango. Mkewe, Mama Nyota, mkunga wa maternité, zahanati ya uzazi ya mtaa, alisimama uani mbele ya televisheni akimwongoza.

“Geuza kidogo! Kushoto! Bado haionyeshi kitu!”

Feruzi akageuza. Alitaka Ufaransa, apate mpira. Ikaja picha safi, ya rangi, ya Citoyen Lifoka, mkubwa wa chama mtaani kwao, amelala chumbani kwake, nyumba ya nne kutoka pale.

“Umepata?” aliuliza Feruzi kutoka juu.

“Nimepata Lifoka.”

“Anasema nini?”

“Anakoroma.”

Feruzi akaielekeza sahani mashariki, kisha magharibi. Lifoka akaonekana kwa ubavu, kisha kwa nyayo. Stesheni nyingine haikuwepo. Feruzi akashuka, akanawa mikono.

Majirani wakajaa uani. Kwamba Lifoka haendi salongo walijua. Wasilolijua ni kwamba analala juu ya magodoro kumi na mawili yaliyopangwa moja juu ya jingine, na kwamba hupanda kwa ngazi. Mama Nyota aliyatambua matela hayo, kama walivyoyaita, kwa mistari yake ya buluu. Yalitumwa maternité, yakapotelea njiani, na tangu hapo wanawake walizalia mikekani, naye magoti yamemwisha kwa kupiga magoti. Akakaza kitenge, akaenda kumwamsha.

“Citoyen, unaonekana kwa televizyo. Na matela yetu nayo inaonekana.”

“Mimi? Kwa televizyo?”

Lifoka alivaa abacost yake nzuri, suti isiyo na tai, akaja, akapewa kiti cha mbele. Kwenye televisheni kulikuwa na kitanda kitupu.

“Bon, mimi niko wapi?”

“Uko hapa, Citoyen,” alisema Feruzi.

Lifoka akakimbia nyumbani. Watu wakamwona akipanda ngazi na kupunga mkono. Akashuka, akarudi mbio, akakuta kitanda kitupu. Alikwenda na kurudi mpaka abacost ikalowa. Mwishowe akamtuma mkewe, Madina, akamtazamie.

“Uko muzuri,” Madina akamletea habari, “lakini tumbo inakatwa.”

Feruzi akaamriwa kupanda tena paani, akaisogeza sahani mpaka tumbo likaenea kwenye picha.

Mama Nyota alimfuata Lifoka mpaka chini ya ngazi yake, hakuondoka. “Citoyen, ile matela iko ya maternité. Wamama wanazala chini.”

Lifoka akafikiri. “Mutaa yote inaniona?”

“Yote.”

“Na wale wa maternité?”

“Kule hakuna televizyo.”

“Ah, ile haiko muzuri,” alisema Lifoka, na huruma ilikuwa ya kweli usoni pake. “Ile matela ni yao. Iko lazima waione.”

Jumatatu vijana wa chama waliibeba televisheni na sahani ya Feruzi hadi maternité, na Feruzi mwenyewe akaifunga juu ya paa. Picha ilikubali mara moja.

Mchana huo Angèle, muuza samaki, alikuwa mkekani na uchungu. Mama Nyota alipiga magoti kando yake. Mbele yao Lifoka alipanda ngazi, akapunga mkono, akajilaza.

“Pumua,” alisema Mama Nyota.

Angèle akapumua, akitazama. “Yangu ni ile ya tatu.”

“Ya tatu iko yangu tangu asubuhi,” alisema mwanamke wa mkeka wa pili.

Angèle akachukua godoro la nne, akasukuma.