Maharage ya Papa Larissa

Mume wangu Barthélemy ni mtu mwema, sitamsema vibaya bure. Hanywi, hapigi mtu, na akitoka kazini kule kiwandani Jacobs anakuja moja kwa moja nyumbani. Lakini ukimpa kipande cha udongo, basi, umempoteza. Mwaka ule wa 1999, baridi ya Durban ilipoanza kuondoka mwezi wa tisa, mimi Marie-Jeanne nilimpoteza mzima mzima.

Tulikuwa tunakaa Queensburgh, vyumba viwili nyuma ya nyumba ya mjane mmoja wa Kihindi, Auntie Devi. Queensburgh ni mahali pa watu wa majani. Mwezi wa tisa ukifika, Jumamosi asubuhi huwezi kulala. Kila nyumba mashine inanguruma, wanakata majani, wanayanyoa mpaka chini, na ukitazama hawana ng'ombe, hawana mbuzi, hawana hata sungura. Wanayatia kwenye mifuko, wanayatupa, halafu wanayamwagilia maji ili yaote tena. Barthélemy alikuwa anasimama kwenye ua wa waya anawatazama na kutikisa kichwa kama mtu aliyefiwa. Auntie Devi alimwona, na kwa sababu magoti yake yalikuwa yamemshinda, akamwambia kile kipande cha nyuma achukue, alime anachotaka.

Eish, ningejua. Alilima kabla ya kwenda kazini, akalima akitoka kazini. Mezani namweletea habari za maana, nani kagombana na nani kwenye kwaya, yeye ananijibu habari za mboji. Nikamwambia, Papa Larissa, tangu unioe hujanishika mkono kwa upole unaoushikia huo mche wa nyanya. Akacheka, akaomba chumvi. Nilikuwa namsema, lakini moyoni nilikuwa na furaha ya kweli, vraiment. Tangu tutoke kwetu Uvira, kule Kongo, sikuwa nimemsikia akiimba, na pale kwenye matuta alikuwa anaimba.

Sasa nikueleze shida yenyewe. Larissa ni binti yetu, alikuwa anasuka nywele kwenye saluni moja Albert Park, mjini Durban. Mlango wa pili palikuwa na duka la simu, na ndani ya duka hilo palikuwa na kijana wa Burundi anaitwa Nimbona. Mrefu, mpole, anaongea taratibu mpaka unatamani kummalizia maneno. Alianza kuja kwetu Jumapili baada ya misa, na Barthélemy, badala ya kumpa kiti, alimpa ndoo ya samadi. Kijana aliibeba na shati lake la kanisani, hakulalamika. Mimi pale pale nikajua huyu ametumwa na Mungu, au ameshikwa na Larissa vibaya sana.

Mwezi ule ule wa tisa Nimbona akaomba ruhusa watu wake waje. Watu wake, nasema, lakini hapa Afrika Kusini alikuwa na mkubwa mmoja tu, mjomba wake Zénon, na Zénon alikuwa ameshapata karatasi za kwenda Kanada. Ndege yake ilikuwa katikati ya mwezi wa kumi na mbili. Kwetu na kwao ni sawa: kijana haji kuomba mke peke yake kama mtu anayeomba kazi. Lazima mkubwa atangulie, aseme, ajibiwe. Zénon akipanda ndege, Nimbona hana wa kumsemea, na Larissa atakaa kungoja mtu ambaye hatujui atatoka wapi wala lini.

Barthélemy hakukataa. Hapana, yeye ni mjanja zaidi ya hapo. Alisema waje, karibuni sana, lakini katika ukoo wake wakwe hawapokelewi na chakula cha dukani. Lazima wale maharage ambayo baba wa binti ameyapanda kwa mkono wake. Nikamwangalia. Nimeishi katika ukoo huo tangu nikiwa msichana. Siku walipokuja kwetu kuniposa tulikula wali na nyama, na siku dada yake alipoolewa tulikula samaki, na baba yake, Mungu amrehemu, alikuwa fundi cherehani ambaye hajawahi kushika jembe. Mila hiyo nilikuwa naisikia mara ya kwanza, na nafikiri hata yeye. Lakini Larissa alifurahi, akasema papa anataka kuniheshimu, mama, mwache. Nikamwacha.

Akapanda maharage ya kupanda juu ya miti, mbegu alizopewa na mama mmoja wa kanisani aliyezitoa kwao. Yakaota vizuri. Mvua zikaanza, yakashika miti, yakapanda mpaka yakapita kichwa cha Nimbona, na hilo si jambo dogo. Majani mabichi, mapana, mazuri kabisa. Lakini maharage yenyewe, hakuna. Mwezi wa kumi ukaisha, hakuna.

Ukimuuliza Barthélemy, ana jibu. Leo ni hewa ya bahari. Kesho ni udongo wa huku, hauzoei mbegu za kwetu. Siku moja aliniambia ni kelele za zile mashine za majani, zinasumbua mimea. Alisema hivyo bila kucheka. Na Larissa kila jioni akishuka kwenye taksi, kabla hajanisalimu, alikuwa anavua viatu na kwenda nyuma kuangalia. Anarudi, ananiuliza, mama, bado? Kama vile mimi ndiye ninayeyachelewesha. Akaanza kupungua mwili. Nimbona alileta mbolea ya dukani, Barthélemy akaikataa kwa heshima. Zénon akapiga simu mara nyingi, anasalimia, anauliza afya zetu, afya ya Auntie Devi, halafu kwa sauti ya mtu asiye na haraka anauliza na maharage je, yanaendeleaje.

Katikati ya mwezi wa kumi na moja nilikuwa nafua. Nikachukua overoli ya Barthélemy, nikatia mkono mfukoni kama ninavyofanya siku zote, kwa sababu yeye husahau misumari. Nikatoa maua. Maua madogo, meupe na ya zambarau, yamenyauka, mfuko mzima umejaa. Nitasema ukweli, jambo la kwanza nililofikiri ni kwamba iko mwanamke huko Jacobs. Nikakaa juu ya ndoo. Nikajiambia, Marie-Jeanne, mwanaume wako amezeeka na sasa anapelekewa maua. Halafu nikayatazama vizuri. Mimi nimezaliwa katika milima ya maharage, mama yangu alinizaa karibu ndani ya shamba. Hayo yalikuwa maua ya maharage.

Kila alfajiri kabla ya kazi, mume wangu alikuwa anapita kwenye miti yake na kuchuma maua yote yaliyochanua, ili maharage yasizae. Na mimi nilikuwa namsifu kwa kuamka mapema.

Hasira ilinipanda, halafu kicheko, halafu hasira tena. Jioni ile Larissa alikuwa bado saluni. Nikatandika meza vizuri, kitambaa cha Pasaka, nikamwita Barthélemy. Akanawa mikono, akakaa, akaomba baraka za chakula, ndefu. Nikamwekea mbele sahani iliyofunikwa. Akafunua. Maua yake yote, nimeyapanga, na kijiko pembeni.

Alikaa anayatazama. Nikamwambia ale kabla hayajapoa, ni ya mkono wake mwenyewe, kama mila ya ukoo inavyotaka. Nikamuuliza kama wakwe nao wangepewa hivyo hivyo au wangewekewa na mafuta kidogo. Nilikuwa na maneno mengi, nilikuwa nimeyaandaa tangu mchana, mengine yalikuwa mazuri sana. Nikamwambia binti anahamia Albert Park, si mwezini. Taksi moja tu. Ukisimama juu ya paa la Auntie Devi na ukapiga kelele kidogo, atakusikia.

Hakucheka. Akafunika sahani taratibu.

“Pascal alisema atarudi Jumapili,” akasema.

Pascal ni mtoto wetu wa kwanza. Kule Uvira, mwaka wa 1996, alitoka nyumbani siku ya kazi kwenda kumwona shangazi yake katika mji wa Baraka. Alichukua kiberiti cha baba yake na ndizi mbili, akasema Jumapili nitakuwa hapa. Vita iliingia mjini kabla ya Jumapili. Sisi tulikimbia na Larissa, na mpaka leo hakuna mtu aliyetuletea habari yake, nzuri wala mbaya. Katika nyumba yetu jina hilo tulikuwa hatulitaji. Watu wa hapa wananiita Mama Larissa, na sikuwahi kuwasahihisha.

Barthélemy akaendelea, anaongea na kile kitambaa cha meza. Alisema anajua ni ujinga. Alisema kila asubuhi anajiambia leo sitachuma, leo nitayaacha, halafu anayaona yamefunguka na mkono unakwenda wenyewe. Alisema mtoto akiwa ndani ya nyumba anamsikia akikohoa usiku, na hilo linamtosha, analala.

Nilizunguka meza nikakaa karibu naye. Nikamwita jina ambalo sikuwa nimelitumia tangu tuondoke kwetu.

“Papa Pascal,” nikamwambia, “mimi pia nilimzaa. Lakini huyu hujampoteza. Huyu iko hapa, na unamfanya alie kila jioni mbele ya maharage yako.”

Kisha akapangusa uso kwa kitambaa changu cha Pasaka, kitambaa nilichotoka kukifua asubuhi ile, akauliza Zénon ana nafasi Jumamosi gani. Nikamwambia hata akianza leo kuyaacha maua, maharage hayatawahi. Akanitazama kama vile mimi ndiye mgeni wa kilimo.

“Majani yake si yanaliwa?” akasema.

Yanaliwa, bwana. Kwetu na kwa Warundi, majani ya maharage ni mboga ya heshima, na kwa kuwa yeye alikuwa ameinyima mimea yake kuzaa, ilikuwa imejaa majani machanga mpaka juu. Jumamosi ya mwisho ya mwezi ule alichuma mwenyewe, hakutaka nimsaidie, akasimama kwenye kiti kufikia ncha. Mchana miti ilikuwa imebaki na kamba tupu. Mimi nikayatwanga, nikayapika na mawese na karanga, na sitaki kujisifu, lakini Auntie Devi ambaye hali kitu bila pilipili aliomba sahani ya pili.

Zénon alikuja na suti, kreti za Fanta, bia kidogo, na maneno mengi. Warundi wakija kuposa hawasemi wamekuja kuposa. Alianza na hali ya hewa, akaenda kwenye ng'ombe wa babu yake, ng'ombe akapotea, wakamtafuta bonde hadi bonde, na mimi natazama Fanta zinapata joto. Nimbona alikuwa amekaa nyuma yake, jasho linamtoka kama amebeba samadi. Mwishowe ng'ombe alionekana karibu na nyumba yetu, na Zénon akakaa.

Kwa desturi baba humwita binti mbele ya watu na kumuuliza kama anawafahamu wageni hawa, na kama tunywe kinywaji walicholeta au tusinywe. Barthélemy akamwita Larissa. Akamuuliza ya kwanza, Larissa akasema anawafahamu. Akamuuliza ya pili, akasema tunywe. Hapo kazi ya baba imekwisha, anafungua chupa, watu wanapiga vigelegele. Lakini Barthélemy alibaki amesimama na chupa mkononi.

“Utakuja kutuona?” akauliza.

“Nitakuja, papa.”

“Siku gani?”

Watu wakacheka, hata Zénon. Walifikiri ni utani wa mzee. Larissa hakucheka. Alikuwa msichana mkubwa siku ile Pascal aliposimama mlangoni na ndizi zake, alisikia kila kitu, na mimi nilikuwa sijajua kwamba ile Jumapili bado anaikumbuka.

“Siku sisemi, papa,” akasema. “Utaniona tu nimefika.”

Barthélemy akafungua chupa.

Walifunga ndoa siku chache kabla Zénon hajapanda ndege, Jumamosi, na gauni alilokodi lilikuwa refu mno lakini nani aliangalia. Jumapili nyumba ilikuwa kimya. Jumatatu nilimtania Barthélemy kidogo, akaenda zake kwenye matuta, nikaacha. Jumanne alikuwa ameingia zamu ya usiku, kwa hiyo mchana alikuwa amekaa mlangoni na viatu vya kazi, nami napiga pasi. Nikasikia geti la Auntie Devi. Larissa akaja anapita pembeni ya nyumba, na mfuko wa plastiki mkononi, anasema amepita tu, hakuna sababu, saluni imefungwa mapema.

Baba yake alisimama. Alimshika kichwa kwa mikono miwili, akamtazama huku na huku kama mtu anayechagua tikiti sokoni, na binti akamwacha amtazame.

“Umerudi,” akasema.

Nilikuwa na utani tayari mdomoni, kwamba wiki haijaisha na bibi harusi ameshakimbilia kwa mama yake. Sikuweza kuutoa. Nilizima pasi, nikaenda jikoni, nikafunga mlango, nikawalilia watoto wangu wote wawili, huyu aliyerudi na yule ambaye bado tunamngoja. Kisha nikanawa uso, nikaweka ugali motoni.